Mbele ya wateja naiita Dubu: miaka miwili na nusu na Uptime Kuma

Tuanze na jina, maana najua umelisoma mara mbili. Programu inaitwa Uptime Kuma. Mtunzi wake, Louis Lam, neno la pili alilitoa kwenye Kijapani, na huko maana yake ni dubu, basi. Hakuwa na Mswahili karibu wa kumvuta shati. Mimi natunza tovuti za watu hapa Moshi, na kati ya wateja wangu yumo mzee wa kanisa mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani, na yumo mama wa Marangu mwenye nyumba ya wageni ambaye pia ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake usharikani kwake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, mbele za watu naiita Dubu, na humu nitaendelea hivyo hivyo.

Kazi ya Dubu ni moja. Anagonga mlango wa kila tovuti uliyomkabidhi, kila baada ya sekunde 60 usipombadilishia, na asipofunguliwa anakuamsha. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2021, na inakaa kwenye seva yako mwenyewe. Niko naye tangu Septemba 2023. Leo ananiangalizia tovuti kumi na nne: kampuni nne za mlimani na mbugani, nyumba mbili za wageni, shule moja, duka la vipuri, na nyingine ndogo ndogo ambazo wenyewe wanazikumbuka mara moja kwa mwaka.

Kabla yake nilikuwa na mlinzi niliyemtengeneza kwa mkono wangu, mistari sita tu. Kila dakika tano cron, saa ya kazi ya seva, inamwamsha, curl, programu ya kufungua kurasa kwa amri, inazunguka kwenye tovuti zote, na yoyote itakayojibu namba isiyokuwa 200, yaani "ukurasa upo", natumiwa barua pepe. Nilimwonea fahari karibu mwaka mzima. Halafu Agosti, msimu umechanganya, seva niliyokuwa nimekodi ikafa usiku wa kuamkia Jumamosi na tovuti kumi na moja tumboni mwake. Sikupata barua hata moja. Saa tatu asubuhi Mzee wa mlimani akanipigia: mgeni wa Marekani amemwandikia kuuliza kama kampuni bado ipo au ndiyo kaliwa hela yake ya awali. Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Ile mistari sita ilikuwa inaishi kwenye seva ile ile, na barua pepe zilikuwa zinatumwa na seva ile ile. Mlinzi alikuwa ndani ya nyumba iliyoungua.

Na usiku ndio wenyewe kwa biashara hii. Saa nane usiku Moshi, miezi ya kiangazi cha Marekani, New York ni saa moja jioni. Watu wametoka kazini, wamekula, wamekaa na kompyuta mapajani wanalinganisha bei za njia za mlimani, Machame na Lemosho. Tovuti ikilala saa hiyo, hakuna wa kukuambia. Mgeni anafunga ukurasa, anafungua wa jirani.

Jaribio langu la kwanza na Dubu nililiharibu kwa ubahili. Nina chumba cha ofisi ghorofani karibu na soko la Mbuyuni, na humo kuna kompyuta ndogo ya zamani yenye Ubuntu, aina ya Linux. Nikasema kwa nini nilipie seva nyingine? Nikamweka humo. Siku ya pili intaneti ya ofisi ikakatika dakika kumi, na iliporudi simu ikaanza kutetemeka mezani hadi ikaanguka: tovuti zote nyekundu, halafu zote kijani. Siku ya tatu umeme. Siku ya nne intaneti tena, mara tatu. Arifa mia na ushee ndani ya siku nne, na hakuna tovuti hata moja iliyokuwa imeanguka kweli. Kibaya zaidi nilianza kuzipuuza, na arifa ukishaizoea kuipuuza ni sawa na kutokuwa nayo.

Nikakodi seva ya pili, ya bei ya chini kabisa, dola 5 kwa mwezi, kama shilingi elfu kumi na tatu, kumbukumbu ya GB 1. Nilihakikisha ni ya kampuni tofauti na ile inayobeba tovuti, na iko mji tofauti. Hapo sikufanya ubahili tena.

Kumweka kwenye Linux ni kazi fupi ukiwa na Docker, chombo kinachoendesha programu ndani ya sanduku lake lenyewe, yaani kontena. Amri ni moja:

docker run -d --restart=always -p 127.0.0.1:3001:3001 -v dubu:/app/data --name dubu louislam/uptime-kuma:2

Tazama vizuri ile 127.0.0.1, kwa sababu maelekezo mengi utakayokutana nayo yanaandika -p 3001:3001 peke yake. Kwenye Ubuntu unaweza kuwa umewasha ufw, ukuta wa moto wa seva, umefunga kila kitu, umelala usingizi mzuri, kumbe Docker inaandika kanuni zake za iptables, mtambo ulio chini ya ukuta huo, zinazopita kando ya ufw, na poti 3001, mlango wa Dubu, iko wazi kwa dunia nzima. Hilo kwa Dubu ni hatari mara mbili, maana siku ya kwanza ukurasa wake unamkaribisha yeyote atakayefika afungue akaunti ya msimamizi. Atakayewahi ndiye mwenye mali. Ukiweka 127.0.0.1, anayeweza kumfikia ni aliye ndani ya seva tu, na nje unamtoa kwa Nginx, programu inayopokea wageni mlangoni pa seva, ukiwa na cheti chako cha usalama, kile cha https. Ukishaingia, washa na uthibitisho wa hatua mbili. Upo kwenye mipangilio.

Nginx yenyewe ilinila jioni nzima. Ukurasa ulifunguka, rangi zikaonekana, halafu ukaganda ukilalamika kwamba haumpati mwenyeji wake. Dubu huongea na kivinjari kwa websoketi, yaani laini inayobaki wazi muda wote, na Nginx haipitishi websoketi mpaka uiambie. Mistari mitatu inatosha: proxy_http_version 1.1, kisha kichwa cha Upgrade chenye $http_upgrade, kisha kichwa cha Connection chenye "upgrade". Nimeiandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa ofisi.

Ile -v ndiyo inayotunza historia nje ya kontena, ili siku ya kusasisha ufute kontena bila kufuta kumbukumbu. Usiielekeze kwenye diski ya mtandao ya NFS. Hifadhidata yake ni SQLite, inayokaa ndani ya faili, na SQLite inategemea faili kufungwa kufuli vizuri wakati wa kuandika, jambo ambalo NFS hulikosea. Toleo la 2, lililotoka Oktoba 2025, linakuuliza mwanzoni kabisa unataka SQLite au MariaDB, hifadhidata nzito zaidi. Mwenye tovuti kumi na nne achague SQLite, apite.

Arifa nilizipeleka Telegram. Unamwomba BotFather, roboti ya Telegram inayozaa roboti nyingine, akutengenezee yako, anakupa ufunguo, unaubandika kwa Dubu, unaituma roboti salamu moja na Dubu anajitafutia mwenyewe namba ya mazungumzo. Dakika tano, na hapo nilikuwa napika ugali.

Sasa niseme kinachonifanya nimsifu, kwa sababu kugonga mlango tu hata ile mistari yangu sita ilikuwa inagonga.

Desemba ile ile ya kwanza, kampuni moja ya mlimani ilikaa siku mbili bila kupata ombi hata moja la safari. Desemba! Dubu kijani tupu, majibu 200 kila dakika. Nilipofungua ukurasa wa kubuku kwa macho yangu nikakuta kichwa cha tovuti kipo, picha ya Kibo ipo, chini kule kuna anwani ya ofisi, na katikati hakuna kitu. Fomu nzima imeyeyuka baada ya programu-jalizi, kiongezo kimoja cha tovuti, kujisasisha yenyewe. Seva ilikuwa inasema ukweli wake: ukurasa upo, chukua. 200 haina maana kwamba mgeni anaweza kulipa.

Dubu ana aina nyingine ya ukaguzi: unampa neno, naye kila dakika anausoma ukurasa kulitafuta. Lisipokuwepo, nyekundu, hata kama namba ni 200. Kwa kampuni ile neno ni Lemosho, kwa sababu liko ndani ya orodha ya njia kwenye fomu na si mahali pengine popote pa ukurasa huo. Kuchagua neno ni ufundi. Ukichagua Kilimanjaro umejidanganya, liko hadi kwenye kichwa cha ukurasa. Na anazingatia herufi kubwa na ndogo: lemosho na Lemosho kwake ni watu wawili. Duka la vipuri neno lake ni TSh, maana bei zikipotea, kila kitu kimepotea.

Vyeti vya usalama navyo anavihesabia siku. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, inatoa cheti cha siku 90, na certbot, programu inayoviomba, huanza kukihuisha zikibaki 30. Dubu hutoa onyo zikibaki 21, kisha 14, kisha 7. Piga hesabu: onyo la 21 likifika, maana yake certbot imeshashindwa kimya kimya kwa zaidi ya wiki. Lilinifika kwa nyumba ya wageni ya Marangu. Nilikuwa nimefunga poti 80 mwenyewe nikijiona mjanja wa usalama, na certbot ilikuwa inathibitishia kupitia poti hiyo hiyo. Mama hakujua kitu, na sikuwa na haraka ya kumjulisha.

Kisha kuna ukaguzi wa kinyume, ambao wengi huuruka. Huu Dubu hagongi; anasubiri agongwe. Kompyuta ya ofisini kwangu huvuta nakala rudufu za tovuti zote usiku, na mstari wa mwisho wa kazi hiyo ni curl ya anwani aliyonipa Dubu. Nakala ikishindikana, curl haifiki, na Dubu analalamika asubuhi. Nimegundua hivyo mara mbili kwamba diski ya nje imechomoka. Mara zote mbili ni mfanya usafi, na mara zote mbili alisema ni panya.

Tuje kwenye mipaka yake. Dubu anaona kutoka pale alipokaa, hana jicho jingine. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, wateja walinipigia mfululizo kwamba tovuti zimekufa. Telegram yangu kimya. Nilipofanikiwa kumfungua Dubu jioni nikakuta kijani mstari mzima, kila kitu kinajibu kwa kasi ya kila siku. Na alikuwa sahihi! Yeye na tovuti wote wako Ulaya. Wageni walikuwa wanaingia kama kawaida, tuliofungiwa nje ni sisi wenye mlima. Lakini nenda kamweleze hivyo mwenye shule ambaye wazazi wote wako Pasua na Majengo, hapa hapa Moshi, wanatafuta matokeo ya mtihani.

Baada ya siku ile, ile kompyuta ya ofisini nikairudishia Dubu wa pili, mdogo wake. Huyu hatumi arifa kwa mtu. Anaangalia tovuti tatu tu kutoka Moshi, na anamwangalia kaka yake. Kila dakika tano anampigia hodi kwa ule ukaguzi wa kinyume. Mdogo akinyamaza, najua umeme au intaneti ya Mbuyuni imekwenda. Mkubwa kijani na mdogo nyekundu, tatizo ni njia ya kwetu, sina haja ya kumwamsha mtu. Wote nyekundu, vaa viatu. Huduma za kulipia hukagua kutoka miji mingi bila wewe kujenga ukoo wa dubu, na kama kazi yako inalipa hivyo, zilipie.

Kuhusu kelele: weka marudio. Mimi tovuti inagongwa kila sekunde 60, na ikikosa jibu anajaribu tena mara tatu kabla ya kupiga yowe, wakati huo rangi inakuwa ya njano. Maana yake nachelewa kujua kama dakika nne. Kwa seva za bei hizi ninazokodi, mkwamo wa nusu dakika ni kama kikohozi, na sitaki kuamshwa na kikohozi.

Historia anaitunza siku 180 usipomgusa. Kwenye toleo la 1, baada ya mwaka na kitu, ukurasa ulianza kufunguka kwa kujivuta kama lori linalopanda Kibosho na mzigo wa mbolea. Nilishusha hadi siku 60 na kubonyeza kitufe cha kubana hifadhidata, akachangamka. Toleo la 2 limepanga upya namna ya kutunza takwimu na wepesi unauona. Ila kuhama kutoka la 1 si kwa kubonyeza na kwenda kunywa chai: kwangu ilichukua dakika arobaini za skrini isiyosema mengi, na ukikata katikati umejiharibia. Chukua nakala ya ile folda ya data kwanza.

Na akaunti ni moja tu. Nina kijana ananisaidia siku za wikendi. Siwezi kumpa ufunguo wake wa kuangalia tu. Ama nimpe wa kwangu wenye nguvu za kufuta kila kitu, ama nisimpe. Hapa nyota ya tano imeondoka. Nampa nne.

Kila mteja nimemtengenezea ukurasa wa hali, wa wazi, wenye tovuti yake peke yake. Chini kabisa ukurasa huo unatangaza kwa Kiingereza umetengenezwa na programu gani, kwa jina kamili. Kuna mahali pa kuuzima mstari huo. Uzime kabla ya kumtumia kiungo mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Mimi niliuzima baada.

Kurasa hizo zimeniletea maswali mawili ambayo mtunzi hakuyafikiria. La kwanza ni asilimia. Mzee aliona 99.9 ya siku 30 akauliza mbona si mia, hiyo moja kachukua nani. Nikamkokotolea: mwezi una dakika 43,200, sehemu moja ya elfu ni dakika 43. Akatulia. Dakika 43 kwa mwezi anazielewa, hata gari la wageni linachelewa zaidi ya hapo.

La pili ni saa. Seva niliiweka majira ya Dar es Salaam, lakini Dubu anaandika 02:14. Mzee akanipigia: "Mwanangu, wanasema tovuti ilizima saa mbili na dakika kumi na nne. Mimi saa mbili nilikuwa naiangalia, ilikuwa nzima." Tukabishana dakika tano nzima kabla sijashtuka kwamba yeye anasema saa mbili ya asubuhi na Dubu anasema saa nane ya usiku. Sikupata pa kumfundisha Dubu kuhesabu kuanzia jua linapochomoza. Nikaandika juu ya ukurasa: ongeza sita.

Januari hii nimemwongeza Mzee kwenye kundi la Telegram la arifa kwa ombi lake mwenyewe, nikidhani atachoka baada ya wiki. Usiku mmoja nililala bando likiwa limekwisha bila mimi kujua. Saa kumi alfajiri simu ikaita, ile ya kawaida.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Dubu wako ananiandikia tangu saa tisa. Wewe umelala?"

"Bando liliisha, Mzee."

Kimya kidogo. Halafu ujumbe ukaingia: amenirushia vocha ya elfu mbili. Nikaunga bando, nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, nikiwa bado kwenye chandarua. Diski ilikuwa imejaa kumbukumbu za makosa hadi MySQL, hifadhidata ya tovuti, ikagoma kuwaka. Nikafuta za zamani, nikaiwasha. Saa kumi na dakika ishirini na mbili Dubu akaandika kijani kwenye kundi, na chini yake Mzee akajibu neno moja: Amina.